Nilitazama mchezo mmoja mara tatu, na sijutii hata shilingi

Kuna swali nimeulizwa mpaka nimechoka: "Kwani mara ya kwanza hukuelewa?"

Nilielewa. Mei 2022, Ngaahika Ndeenda ilipopandishwa jukwaani pale Kenya National Theatre, nilienda mara tatu. Ya kwanza kwa Kiingereza, ya pili kwa Kikuyu, ya tatu usiku wa mwisho kabisa. Wasee wangu waliona nimerukwa na akili. Jamaa ameacha chuo, hana kazi ya kueleweka, kila wiki anakopa pesa za bando, halafu anapeleka noti zake mahali pamoja mara tatu kuona watu wale wale wakisema maneno yale yale?

Hebu nikueleze. Mwishoni nina ombi moja kwako, kwa hivyo usikimbie.

Kwanza kama hujui mchezo wenyewe. Uliandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Tafsiri yake ya Kiswahili inaitwa Nitaolewa Nikipenda. Kiguunda ni kibarua wa shamba la tajiri. Mali yake yote ni ekari moja na nusu, na hati yake anaitunza kama mboni ya jicho. Tajiri wake, Ahab Kioi, anaanza kumtembelea na kumhimiza yeye na mkewe Wangeci wafunge harusi ya kanisani, maana ile yao ya kimila eti ni dhambi. Wazazi wanadhani Kioi anataka undugu, kwamba kijana wake atamwoa binti yao Gathoni. Kiguunda anachukua mkopo wa benki agharamie harusi, hati ikiwa dhamana. Kijana wa Kioi anampa Gathoni mimba na kumtema. Kazi inaenda, shamba linaenda.

Kama una programu mbili au tatu za mikopo kwenye simu yako, huhitaji mtu akuelezee zaidi.

Mara ya kwanza nilienda kwa bahati tu. Beste yangu alikuwa na tiketi ya ziada kwa sababu msichana aliyemwalika aliingia mitini dakika za mwisho. Nilikuwa nimesikia jina la mchezo shuleni, nikajua ni ile kitu ya walimu wa fasihi. Nilifika, nikapiga picha ya ukumbi, na mchezo ulianza nikiwa bado naandika maneno ya kuweka kwa status. Nilipoinua macho watu walishaanza kuongea. Hata hivyo nilinaswa. Mwaura Bilal akiwa Kiguunda, Nice Githinji akiwa Wangeci, na zile nyimbo na ngoma! Mwelekezi Stuart Nash alikuwa amejaza jukwaa watu mpaka unahisi kijiji kizima kimehamia Harry Thuku Road. Nilitoka nikisema ni mchezo moto. Basi. Kama ningeishia hapo, leo ningekuwa na kumbukumbu ya nyimbo na picha moja mbovu yenye giza.

Lakini usiku ule nilifikiria mamangu. Yeye ni mtu wa Limuru, na Limuru ndiko mchezo huu ulizaliwa. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamirithu walijenga ukumbi wao wenyewe, wa wazi, wa kutosha watu kama elfu mbili, wakaigiza wenyewe, wakulima na wafanyakazi, kwa lugha yao. Mama alikuwa mtoto mdogo, hakuuona. Yeye huuza mboga Kangemi, na maishani mwake mwote hakuwa ameingia ukumbi wa michezo. Nilipomwambia nimemnunulia tiketi, aliuliza, "Kuna mahubiri?"

Hiyo ilikuwa mara ya pili, kwa Kikuyu. Kikuyu changu mimi ni cha kununulia sukuma wiki, nakwambia ukweli. Ningekuwa sijaona ile ya Kiingereza, ningepotelea njiani. Kwa kuwa hadithi nilishaijua, nilipata nafasi ya kutazama watu. Mama na akina mama wa safu yetu walicheka sekunde mbili kabla yangu kila mara. Methali ikitoka jukwaani, mtu wa nyuma anaimalizia. Wimbo ukianza, viti vinatikisika. Hapo ndipo niliposhtuka: kumbe mara ya kwanza nilikuwa nimeona tafsiri, hata kama waigizaji walikuwa wazuri.

Halafu ikafika ile sehemu ya hati ya shamba. Mama akaacha kucheka. Akaushika mkoba wake kwa mikono miwili na hakuuachilia mpaka mwisho.

Kurudi nyumbani, matatu ilikwama kwenye foleni karibu na Westlands. Juu yetu kulikuwa na ile Expressway iliyoanza kutumika mwezi huo huo, wenye pesa wakipita kama upepo, sisi tuko chini tunavuta moshi. Mama akaniita. Huniita "baba" kwa sababu nimepewa jina la babake.

"Baba, unajua ile hati ya guka wako niliwahi kuipeleka benki?"

Guka alimwachia robo ekari. Ndiyo mali pekee tuliyo nayo ambayo haiozi ikikosa mnunuzi. Nikamuuliza, "Lini?"

"Ule mwaka wako wa pili chuoni. Nilifika, askari akanipekua, nikaingia, nikakaa kwa foleni. Nilipobakisha watu wawili nikatoka."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba nilichagua udongo nikakuacha wewe?"

Msomaji wangu, huo ndio mwaka nilioacha chuo. Karo ilikuwa imenilemea, jina langu likaondolewa kwenye orodha ya mtihani, nikarudi nyumbani na begi. Miaka mitatu nilikuwa nimembebea mama kinyongo ambacho sikuwahi kukitaja. Nilikuwa nikisema moyoni kwamba mzazi mwingine angejikakamua. Kumbe alikuwa amefika watu wawili kutoka kwa dirisha la mkopo, na kilichomrudisha ni kile kile nilichokuwa nimetoka kukitazama kwa saa kadhaa nikipiga makofi. Sikumjibu kitu. Nilimlipia nauli tu, na kwa mara ya kwanza hakunikataza.

Sasa utaniambia hiyo ni hadithi ya mama, si hoja ya kutazama mchezo mara tatu. Ngoja.

Mara ya tatu nilienda peke yangu, usiku wa kufunga. Safari hii simu niliizima nikiwa bado nje. Mchezo unaanza, na kitu cha kwanza Kiguunda anafanya ni kutengeneza kiti kibovu. Mara ya kwanza sikukiona kabisa, nilikuwa kwa status. Mara ya pili nilikiona, sikukijali. Mara ya tatu ndipo kichwa changu kikagonga: mgeni anayetarajiwa ni Kioi. Huyu mtu anahangaika na kiti ili mtu atakayemmaliza apate pa kukaa vizuri. Nilitaka kupiga kelele aache. Kiti kile kiliandikwa mwaka 1977, kiko dakika za kwanza kabisa za mchezo, na nilihitaji tiketi tatu kukiona.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Mara ya kwanza unafuata hadithi, unataka kujua nani atapata nini. Ukishajua mwisho, macho yanapata uhuru wa kwenda kwingine. Unamtazama anayesikiliza badala ya anayeongea. Unamwona Wangeci akitamani ile gauni kabla hajafungua mdomo. Isitoshe, jukwaani hakuna kitu kinachorudiwa sawasawa. Kicheko cha Jumamosi si cha Jumapili. Mwigizaji akinyamaza kidogo tu zaidi ya jana, sentensi ile ile inakuuma mahali pengine.

Na usiku wa kufunga una jambo lake. Waigizaji wanajua, watazamaji wanajua. Kila neno linasemwa kwa mara ya mwisho, na unalisikia hivyo. Mwisho kabisa watu walisimama wakapiga makofi, wakakataa kutoka. Nilipopita karibu na mlango dakika chache baadaye, nilichungulia nikaona vitu vya jukwaani vimeanza kukusanywa, watu wakitaniana kama walio kwenye kuhama nyumba.

Nikasimama pale nikawafikiria watu wa Kamirithu, kwa sababu wao usiku kama huu hawakuupata. Walianza kuonyesha mchezo wao Oktoba 2, 1977. Novemba 16 leseni ikafutwa. Wiki sita na ushee, kwisha. Siku ya mwisho ya Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, akazuiliwa Kamiti bila kufikishwa mahakamani hadi Desemba 1978. Mapema 1982 wanakijiji wakajaribu tena na mchezo mwingine, Maitu Njugira, wakataka kuuleta hapa hapa Kenya National Theatre, wakakuta milango imefungwa. Machi mwaka huo polisi wakaenda Kamirithu na kuubomoa ule ukumbi walioujenga kwa mikono yao.

Kuna kumaliza na kuna kumalizwa. Mimi najua kidogo tofauti yake, maana chuo sikukimaliza, nilimalizwa. Mchezo unaofika usiku wake wa mwisho kwa hiari, waigizaji wakainama, taa zikazimwa na mtu wa taa badala ya mkuu wa wilaya, huo umepata kitu ambacho nchi hii iliwahi kuwanyima watu. Kwa hivyo ukiniuliza kwa nini nililipa kuona watu wakifunga, jibu langu ni kwamba nilitaka kuwepo ukifungwa vizuri.

Najua utakachosema. "Tiketi ni ghali." Ni kweli, na siwezi kukudanganya. Hela zangu za mwezi ule zilikatika vibaya na nililala njaa siku moja au mbili. Kuna watu ambao hata tiketi moja haiwezekani, na hao siwasemi. Nawasema nyinyi ambao kila wikendi mnalipa kiingilio kuona timu ile ile ya Uingereza ikiwafunga presha ile ile. Video moja ya sekunde kumi na tano unaitazama mara arobaini ukiwa kitandani, na hakuna anayekuuliza kama hukuelewa mara ya kwanza.

Utasema pia, "Nitangoja irudi." Kaka, dada, hapa Nairobi michezo mingi hukaa wikendi moja au mbili halafu inapotea. London kuna mchezo unaitwa The Mousetrap ulioanza mwaka 1952, mwaka ule ule Kenya National Theatre ilipofunguliwa. Ukiacha zile siku za korona, bado unaonyeshwa hadi leo. Hauishi kwa sababu watu wanaujaza. Sisi tunangoja tuone kama wengine wamesema ni mzuri, tunaamka Jumapili jioni, tunakuta kiti hakuna, halafu tunalalamika mtandaoni kwamba wasanii wetu hawafanyi kazi. Anayekodi ukumbi hawezi kuweka wiki ya tatu kwa watu wanaosema "nitaona."

Mei 28, 2025, Ngugi wa Thiong'o alipofariki huko Marekani, simu yangu ilijaa picha zake na maneno ya watu ambao, kama mimi zamani, walikuwa wanajua jina la kitabu tu. Mama hakuweka picha popote. Alinipigia simu, akaimba kipande cha wimbo mmoja wa ule mchezo, akakosea maneno, akacheka, akasema ana wateja, akakata.

Basi ombi langu ndilo hili. Mwaka huu chagua mchezo mmoja wa hapa nyumbani, wowote, wa lugha yoyote unayoisikia. Uone wikendi ya kwanza, usingoje ya mwisho. Ukiupenda, rudi. Na ukirudi, usiende na mbogi yako ile ile. Nenda na mzazi, au shosho, au yule mjomba mliyekosana. Mlipie nauli. Halafu kwenye matatu ya kurudi nyumbani, vua vile vya masikio na unyamaze kidogo, umwachie nafasi ya kuongea.

Ukinikuta pale usiku wa kufunga, nitakuwa safu za mbele, simu imezimwa. Usinisalimie mpaka taa ziwashwe.