Kelele za Mwenzi Wako

Mpenzi msomaji, hebu fikiria. Ni Jumamosi asubuhi, umetulia na chai yako. Mwenzi wako anaweka CD, mara sebule nzima inanguruma kama mashine ya kusaga iliyoharibika. Unasubiri wimbo uanze. Wapi! Unauliza, “Redio imekufa?” Anakujibu, “Hapana, huo ndio muziki wenyewe.”

Yalinikuta hayo. Albamu inaitwa Pulse Demon, ilitoka mwaka 1996, kazi ya Masami Akita wa Tokyo, anayejiita Merzbow. Ni zaidi ya dakika 70, hakuna ngoma, hakuna anayeimba. Akita alianza mwaka 1979, na kabla ya kuhamia kwenye kompyuta alitumia vifaa vya analogia: sinthesaiza za zamani, vyuma vilivyofungwa maikrofoni, na mikisa ambayo sauti yake inarudishwa ndani yake yenyewe mpaka inapiga yowe. Unaujua ule mlio wa maikrofoni ikisogezwa karibu na spika ukumbini? Watu wote wanaziba masikio na fundi anakimbia kuuzima. Akita yeye anauacha, anaukuza, anaufinyanga. Hata jina Merzbow asili yake ni Merzbau, kazi ya Kurt Schwitters, msanii wa Ujerumani aliyetengeneza sanaa kwa vitu vilivyotupwa.

Mimi hayo sikuyajua. Nilisema tu, “Zima hizo takataka.” Mume wangu akazima. Tangu siku hiyo akawa anasikiliza kwa hedifoni, kajifungia chumbani, na mimi sebuleni na televisheni yangu. Ugomvi haukuwepo, ila na mazungumzo nayo yakaisha. Hapo ndipo nilipoogopa.

Baada ya wiki tatu nikamwambia, “Weka tena, ila sauti chini. Nioneshe unachosikia.” Akanionesha: huku chini kuna mvumo kama mvua kwenye bati, huku juu kuna mlio unaopasuka na kurudi. Halafu akasema taratibu, “Nikitoka kazini kichwa kinapiga kelele. Hii peke yake ndiyo inayozishinda.” Jamani, miezi yote ile sikujua kwamba kazi inamuumiza kiasi hicho.

Albamu sijaipenda mpaka leo, nisiwadanganye. Lakini ukiona mwenzi wako anapenda kitu kinachokukera, usikimbilie kukizima. Mpe dakika kumi, punguzeni sauti, kisha muulize anasikia nini humo. Huenda anachokujibu si habari ya muziki kabisa.

Tukutane mwezi ujao.