Kosa Moja, Adhabu Mbili



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu wapendwa, wiki hii twataka kuzungumza juu ya jambo linalowanyima usingizi wazazi wengi wa mwambao: vurugu katika shule zetu za upili za serikali, na namna watoto wetu wanavyorudiwa zinapotokea.

Katika shule hizi, darasa moja huketisha mtoto wa mwenye duka la jumla na mtoto wa mvuvi, binti wa afisa wa bandari na binti wa mama auzaye mahamri. Katika shule ya kutwa serikali huwalipia wote fedha za masomo, lakini chakula cha mchana, sare na nauli viko juu ya mzazi. Basi yuko anunuaye chakula kantini, na yuko anywaye maji ya mfereji akangoja kengele. Kukaa kwao pamoja ni neema. Lakini unapozuka ugomvi, tofauti iliyofichwa na sare hujitokeza waziwazi.

Tuchukue mfano. Vijana wawili wa kidato cha tatu wametukanana, wakapigana, wakavunja kioo cha dirisha na kumjeruhi mwenzao aliyekwenda kuwaamua. Wote wawili wanasimamishwa masomo kwa wiki mbili, na kila mmoja aambiwa arudi na mzazi. Baba wa kwanza apiga simu kwa mtu amjuaye katika bodi ya shule. Siku ya tatu mwanawe yumo darasani. Mama wa pili huuza asubuhi ili watu wa nyumbani wale mchana. Akienda shuleni, siku hiyo hawali, na kioo nacho chataka kulipwa. Wiki mbili zawa mwezi. Kijana ashinda pembeni mwa njia, na wakaazi wa Kisauni na Likoni wawajua wamngojeao kijana wa namna hii: watu wampao chakula kwanza, na panga baadaye.

Kosa lilikuwa moja. Mmoja amepata mapumziko ya siku mbili, mwengine amepoteza shule. Na yule aliyejeruhiwa hakuna aliyemuuliza hali.

Twaijua habari aliyoipokea Bibi Aisha (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mwanamke wa Bani Makhzum, ukoo mtukufu wa Kikureshi, aliiba. Jamaa zake wakachelea aibu, wakamtafuta wa kumuombea, wakampata Usama bin Zaid, kipenzi cha Mtume (S.A.W.). Mtume alikasirika. Akasimama akawaeleza watu kwamba waliotangulia waliangamia kwa sababu alipoiba mtukufu walimwacha, na alipoiba mnyonge walimhukumu. Akaapa kuwa lau angekuwa ni Fatima, binti yake mwenyewe, hukumu ingalimpitia. Tuzingatie: hakusema waliangamia kwa wingi wa wezi. Waliangamia kwa kuwa na mizani mbili.

Basi mzazi anyanyuaye simu ili mwanawe asiguswe na ajue ni mlango gani anaoubisha. Atasema, "Namsaidia mwanangu." Lakini Mtume (S.A.W.) alipoamrisha kumsaidia ndugu akiwa dhalimu au akiwa mwenye kudhulumiwa, aliulizwa: aliyedhulumiwa twamsaidia, dhalimu je? Akajibu kwamba msaada wake ni kumzuia na dhuluma. Mtoto aliyeokolewa na jina la babake amefundishwa kwamba kumuumiza mwenzake si kitu. Somo hilo hatalisahau, na siku moja atalitumia ndani ya nyumba yake, juu ya mke na watoto.

Wako wasemao kwamba dawa ya yote haya ni kuirudisha bakora. Twawaambia kwa heshima: Katiba ya 2010 imemkinga kila mtu na adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeikataza shuleni, ikaweka faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Hata kabla ya sheria hizi, Ibn Khaldun, mwanachuoni wa karne ya 14, aliandika katika Muqaddima kwamba ukali juu ya wanafunzi huwafundisha uongo na hila, kwa kuwa mtoto hujifunza kuonesha asiyoyaamini ili mkono usimfikie. Na bakora yenyewe haikuwa na uadilifu: mara nyingi ilimwangukia zaidi yule ambaye hakuna mtu wa kwao ambaye angekuja kuuliza.

Wala hatusemi makosa yaachwe. Mcha mwana kulia hulia yeye. Twasema adhabu iwe na mizani, na itanguliwe na kusikiliza. Sheria hiyo ya 2013 yaeleza kwamba mwanafunzi hafukuzwi shule mpaka njia nyengine za kumrekebisha zimalizike, na mpaka yeye na mzazi wake wapewe nafasi ya kusikizwa. Akina mama, haki hii ni yenu, hata kama hamumjui mtu yeyote katika bodi. Nchi yetu imekwisha kuona ghadhabu ya wanafunzi inaweza kufika wapi: Machi 2001, huko Kyanguli, Machakos, wavulana 67 waliangamia bweni lao lilipotiwa moto usiku.

Kwa hivyo twapendekeza mambo matatu.

La kwanza ni kwa walimu na bodi. Aliyeharibu atengeneze, na aliyeumiza aombe radhi mbele ya aliyemuumiza. Adhabu iwe ndani ya ua la shule kila inapowezekana, chini ya jicho la mwalimu. Na asiye na fedha ya kioo apewe kazi ya kulipia, asizuiliwe mlangoni kwa ajili yake.

La pili ni kwa wazazi wenye uwezo. Mwanao akisimamishwa, nenda shuleni, ukauliza kwanza hali ya mtoto aliyeumizwa. Kisha uliza: mwenzake amepewa adhabu gani? Ikiwa wako amesamehewa na wa jirani amefukuzwa, msemee wa jirani.

La tatu ni kwa kamati za misikiti. Madrasa zetu nyingi huwa tupu asubuhi za siku za shule. Kijana aliyesimamishwa na apokelewe hapo, aje na vitabu vyake, asome mbele ya ustadhi na mwalimu mstaafu wa mtaani, na siku ya kurejea asindikizwe na mtu wa kumsemea iwapo mzazi ana udhuru. Jambo hili halihitaji mfadhili. Lahitaji ufunguo wa chumba na mtu mmoja mwenye subira.

Mtoto wa jirani akipotea njia hatapotea peke yake. Panga halibagui mlango wa tajiri na wa maskini. Tuwarudi watoto wetu kwa mizani moja, maana wanatutazama tunapopima.

Ewe Mola, watengeneze watoto wetu, wape walimu wao hekima, na utujaalie kuwa waadilifu hata juu ya nafsi zetu na wale tuwapendao. Amin.

Wabillahi tawfiq.