Chombo kikikwama angani: Kwa nini Japan iliokoa, Urusi ikapoteza

SEPTEMBA 2025, Shirika la Anga la Japan (JAXA) lilifunga rasmi kazi ya Akatsuki, chombo kilichokuwa kikizunguka sayari ya Zuhura. Mawasiliano nacho yalikuwa yamekatika tangu Aprili 2024 na juhudi za kuyarudisha hazikuzaa matunda.

Kwa hesabu za kawaida, chombo hicho kingekuwa kimeandikwa hasara miaka 15 iliyotangulia. Injini yake kuu iliharibika siku kilipofika Zuhura, Desemba 2010. Hata hivyo, kiliokolewa na kufanya kazi kwa zaidi ya miaka minane.

Mwaka mmoja baada ya Akatsuki kukwama, Urusi nayo ilikwama na chombo chake, Phobos-Grunt. Hicho hakikuokoka.

Tofauti ya vyombo hivyo viwili ina la kumfunza yeyote aliyeweka mtaji wake kwenye mashine, iwe pampu ya umwagiliaji au mashine ya kusaga nafaka. Kubwa linalojitokeza ni kwamba uokoaji huanza kabla mashine haijaharibika.

Mzigo uliokwama mlangoni

Phobos-Grunt ilirushwa usiku wa kuamkia Novemba 9, 2011 kutoka Baikonur, Kazakhstan. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 13, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni mafuta. Kazi yake ilikuwa kwenda Phobos, mwezi mdogo wa sayari ya Mirihi, kuchota udongo na kuuleta duniani.

Mradi huo uligharimu zaidi ya Dola za Marekani milioni 160. Ndani yake kulikuwa pia na mzigo wa mteja, chombo kidogo cha China kiitwacho Yinghuo-1, chenye uzito wa kilo 115.

Roketi ilifanya kazi yake vizuri. Saa chache baadaye, injini ya chombo chenyewe ilitakiwa kuwaka mara mbili ili kukisukuma kitoke karibu na dunia na kushika njia ya Mirihi. Haikuwaka hata mara moja. Chombo kikabaki kikiizunguka dunia, kwenye kimo cha kilomita kati ya 200 na 350 hivi.

Uchunguzi wa Urusi, uliotangazwa Februari 2012, ulieleza kwamba sehemu mbili za kompyuta ya chombo zilijizima na kujiwasha upya kwa wakati mmoja. Kompyuta ikafanya kama ilivyopangiwa. Ilisimamisha safari, ikageuza paneli za sola kuelekea jua na kusubiri amri kutoka ardhini.

Amri hiyo ndiyo iliyoshindikana kufika. Redio ya chombo ilitengenezwa kwa mazungumzo ya mbali sana, wakati chombo chenyewe kilikuwa jirani mno na kikipita kwa kasi. Kila kituo cha ardhini kilikiona kwa dakika chache tu kabla hakijazama upande wa pili.

Novemba 22, wataalamu wa Shirika la Anga la Ulaya (ESA) walifanikiwa wakiwa na kituo chao cha Perth, Australia. Walifunga antena ndogo kwenye dishi lao la mita 15 ili mawimbi yasambae kwa upana zaidi. Pia walipunguza nguvu za mawimbi hayo, ili yafanane na yale ambayo chombo kingeyapokea kikiwa mbali. Chombo kikajibu.

Siku iliyofuata zilipatikana taarifa kidogo. Baada ya hapo kikanyamaza tena, na mwanzoni mwa Desemba ESA ikaacha kukitafuta.

Wakati huo msimu nao ulikuwa umepita. Dunia na Mirihi hukaa vizuri kwa safari mara moja tu katika kila miezi 26 hivi. Zaidi ya hayo, hewa nyepesi iliyopo kwenye kimo hicho ilikuwa ikikivuta chombo chini. Januari 15, 2012 kilianguka katika Bahari ya Pasifiki, magharibi ya Chile, pamoja na mzigo wa China.

Kipuri kisichofaa

Tume ya uchunguzi ilisema huenda mionzi ya angani ndiyo iliyovuruga kompyuta, ikitaja vifaa vya elektroniki vilivyoagizwa nje ambavyo havikuwa vya kiwango cha kutumika angani. Wataalamu wengine walitilia shaka maelezo hayo na kusema chombo hakikujaribiwa vya kutosha kabla ya kurushwa.

Kwa vyovyote vile, jibu linarudi palepale. Kama ni kipuri, kilifungwa ardhini. Kama ni majaribio, yalipaswa kufanyika ardhini, mahali ambapo fundi angeweza kufungua na kurekebisha. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

Japan ilichofanya

Akatsuki ilirushwa Mei 2010. Ilipofika Zuhura Desemba 7 mwaka huo, injini kuu ilitakiwa kuwaka kwa dakika 12 ili kupunguza mwendo na kunaswa na mvuto wa sayari hiyo. Ilizimika baada ya dakika mbili na nusu hivi. Chombo kikapitiliza na kuanza kulizunguka jua.

Uchunguzi ulibaini kwamba chumvichumvi iliyotokana na kemikali za mafuta iliziba vali. Mafuta yakapungua, moto ukazidi kiwango na injini ikaharibika. Jaribio la Septemba 2011 lilithibitisha kwamba haifai tena.

Lakini redio ilikuwa nzima, na chombo kilikuwa na injini ndogo za kukigeuzia upande. Timu iliyoongozwa na Masato Nakamura iliamua kuzitumia hizo. Oktoba 2011 walimwaga kilo 65 hivi za kemikali ya kuunguzia mafuta ya injini kuu, kwani ilikuwa mzigo wa bure, na hivyo kukipunguzia chombo uzito.

Kisha wakasubiri. Desemba 7, 2015, miaka mitano kamili tangu kushindwa, injini ndogo nne ziliwashwa kwa dakika 20 na Akatsuki ikanaswa na Zuhura.

Mafanikio hayo hayakuwa kamili. Mpango wa awali ulikuwa kuizunguka sayari kila baada ya saa 30. Baada ya uokoaji, mzunguko mmoja ulichukua zaidi ya siku 10, na chombo kilikuwa mbali zaidi. Hata hivyo, picha za mawingu na taarifa za upepo wa Zuhura zilipatikana kwa miaka mingi.

Hesabu ya mwenye mtaji

Ni kweli kwamba Japan ilikuwa na nafasi zaidi. Akatsuki ilikuwa ikilizunguka jua na ingeweza kungojwa kwa miaka, wakati Phobos-Grunt ilikuwa na wiki chache tu. Lakini muda peke yake usingesaidia kama chombo kisingesikia amri, au kama kingekosa njia nyingine ya kujisukuma.

Hayo ndiyo maswali ya kujiuliza kabla ya kulipia mashine yoyote. Ikigoma, fundi ataweza kujua inaumwa nini? Kuna njia ya pili ya kuendesha kazi wakati ile kuu imekufa? Na kipuri kilichofungwa ni cha kazi hiyo, au ni cha kusukumia siku tu?

Mkulima ambaye pampu yake hufa katikati ya kiangazi yuko kwenye hali ya Urusi, kwani mazao hayangoji miezi 26 wala wiki mbili. Pampu hiyo hujaribiwa kabla ya msimu, ingali karibu na fundi.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ili mradi mhunzi awe na koleo la pili.