Mazuku hayahitaji joka

Wenzangu wanaocheza michezo ya kubuni ulimwengu, ile iliyoanza na Dungeons & Dragons mwaka 1974, hutunga nchi za ngome na misonobari ambazo hawajaziona. Kwa nini, na Kivu iko hapa? Nyiragongo inajulikana kwa ziwa lake la lava; ndani ya Ziwa Kivu kumelala metani na gesi ya kaboni. Tena kuna mazuku: gesi ya kaboni, nzito kuliko hewa, inayotuama penye mabonde. Haionekani. Mbuzi anaanguka, mtoto anaanguka, na mtu mzima aliyesimama palepale huenda bado anapumua. Wanasayansi wa volkeno wamelichukua neno letu lilivyo, hata wanapoandika Kiingereza. Kanuni ya mchezo imo humo tayari: anayeinama ndiye anayekufa. Zimwi la nini?

Ila nampinga mtunzi anayechukua mlima na kuacha watu. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya Goma, na wenyeji wakajenga tena juu yake, kwa mawe yaleyale meusi. Ramani isiyo na nyumba hizo, wala majina waliyoyatoa wao, ni ya mtalii. Kwenye meza hiyo mimi sikai.