Gombe Haijafika Kigonsera

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye kongamano katika mji mmoja wa baridi kali huko Marekani. Siku ya mapumziko wenyeji wangu walinipeleka kwenye makumbusho ya sayansi. Tulilipa kiingilio, tukaketi kwenye viti vilivyoegemea nyuma chini ya kuba jeupe, taa zikazimwa. Mara akatokea sokwe wa Gombe, mkubwa kuliko nyumba niliyozaliwa. Ziwa Tanganyika likatanda kutoka bega langu la kushoto hadi la kulia. Mtoto mdogo aliyekaa kando yangu akamwuliza mama yake iwapo mahali pale papo kweli. Nilitaka kumjibu mimi, nikashindwa. Nilikuwa Mtanzania wa zaidi ya miaka arobaini, mwenye shahada tatu, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona Gombe.

Kisa hicho ningekiacha kilale, lakini Julai iliyopita nilipita Kigonsera, njiani kati ya Songea na Mbinga, nikaombwa kuzungumza na vijana wa kidato cha tano juu ya utafiti. Nikawasimulia habari za sokwe na lile kuba. Kijana mmoja wa safu ya nyuma akasimama, akanipa shikamoo, akauliza: “Mwalimu, hiyo filamu na sisi tutaiona wapi?” Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa jibu nililokuwa nalo lilikuwa la aibu: panda ndege.

Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Filamu za skrini kubwa hazifanani na sinema za kawaida. Teknolojia hii ilibuniwa na Wakanada, na filamu ya kwanza ya aina hiyo ilioneshwa Osaka mwaka 1970. Utepe wake una upana wa milimita 70 na hupita kwenye mashine kwa ulalo badala ya wima, kila picha ikichukua matundu 15 ya pembeni. Ndiyo maana picha moja huwa kubwa takribani mara kumi kuliko ile ya utepe wa kawaida wa milimita 35, na inaweza kutandazwa kwenye ukuta wa ghorofa kadhaa bila kufifia. Makumbusho ya sayansi ya Ulaya na Marekani yaliipokea kwa mikono miwili, kwa sababu kwa dakika arobaini mtoto anatolewa mjini na kuwekwa katikati ya nyumbu.

Na nyumbu hao ni wa nani? Mwaka 1994 ilitoka Africa: The Serengeti. Mwaka 2002 ilitoka Kilimanjaro: To the Roof of Africa. Mwaka huohuo ikatoka Jane Goodall's Wild Chimpanzees, ambayo makumbusho ya sayansi ya Minnesota yalishiriki kuitengeneza. Filamu tatu za makumbusho, zote zimepigwa katika ardhi yetu. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo kamera hizo nzito zimezipenda mno. Sisi tunatoa mlima, mbuga na sokwe. Wenzetu wanatoa ukuta wa kuoneshea. Tumelizoea gawio hilo. Kati ya mwaka 1909 na 1913 mifupa ya mijusi mikubwa ya kale ilichimbwa Tendaguru, Lindi, ikabebwa na wapagazi hadi pwani, na leo mmoja wa mijusi hao amesimama Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Mifupa, angalau, mtu anaweza kusema ilichukuliwa na mkoloni. Picha hizi zimepigwa tukiwa huru, kwa vibali vyetu, na mihuri tumegonga wenyewe.

Wapo watakaosema kwamba filamu hizo zinatuletea watalii. Kweli, na sina ugomvi na mtalii. Ugomvi wangu ni juu ya kile kinachohesabiwa kuwa sayansi, na nani anahesabiwa kuwa mwanasayansi.

Hapo Gombe inafaa kuangaliwa kwa makini. Marehemu Jane Goodall, aliyefika huko Julai 1960 na kufariki Oktoba 2025, alistahili heshima zote alizopewa. Yeye ndiye aliyemwona sokwe akichokonoa kichuguu kwa kijiti na kuvua mchwa, akaulazimisha ulimwengu ufikiri upya mpaka kati ya mtu na mnyama. Lakini Mei 1975 waasi kutoka Zaire walivuka ziwa usiku, wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni. Baada ya hapo wageni hawakuweza kukaa Gombe kama zamani. Je, utafiti ulisimama? Haukusimama. Watanzania waliokuwa wasaidizi, vijana wa vijiji vya mwambao wa Kigoma, walichukua madaftari wakaendelea kuwafuata sokwe msituni tangu alfajiri hadi jioni, mwaka baada ya mwaka. Majina yao, kama Hilali Matama, yamo katika vitabu vya Goodall mwenyewe. Na madaftari hayo waliyaandika kwa Kiswahili. Kumbukumbu za mmoja wa utafiti mrefu kuliko wote duniani juu ya wanyama wa porini ziliandikwa kwanza kwa lugha hii unayoisoma, kisha zikatafsiriwa kwa Kiingereza.

Yaweke hayo kando ya darasa lile la Kigonsera. Kijana anasoma baiolojia kwa Kiingereza, naye anaamini, kwa kuwa hakuna aliyemwambia vinginevyo, kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Ushahidi kwamba kinaweza umekaa kwenye makabati tangu kabla baba yake hajazaliwa. Filamu niliyoiona chini ya kuba lile ilisimuliwa kwa Kiingereza. Wale waliotembea na madaftari niliwaona kwa kupita tu, kama miti. Nitakuwa mwungwana: katika filamu ya Kilimanjaro mwongoza watalii Mtanzania anapewa jina na nafasi, naye ndiye anayewapandisha wageni. Lakini hata yeye amepewa kazi ya kuonesha njia.

Sasa nije kwa serikali yangu, maana watumishi wa umma ni wasomaji wa ukurasa huu na sipendi kuwasema wakiwa hawapo. Tunayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Mwaka 2019 Bunge liliifanyia marekebisho, likaingiza sharti kwamba wageni wanaopiga filamu nchini wakabidhi kwa Bodi ya Filamu nakala ya kazi iliyokamilika, na serikali iruhusiwe kuitumia kuitangaza nchi. Sharti zuri. Lisome tena lakini: kuitangaza nchi. Kwa nani? Kwa wasioijua, yaani wageni. Hakuna aliyefikiri kwamba mtoto wa Mbinga naye haijui Serengeti, na kwamba nakala hiyohiyo ingeweza kutangazwa kwake. Aprili 2022 filamu ya Royal Tour ilizinduliwa New York, ndipo ikaletwa Arusha, Zanzibar na Dar es Salaam. Silaumu mpangilio huo. Mwenye duka huanza na wateja. Ila taifa si duka tu.

Najua jibu litakalotoka kwenye ofisi nyingi: shule hazina madawati, maabara hazina kemikali, nawe unataka sinema za ghorofa saba! Hoja hii huonekana nzito hadi uigeuze. Hakuna anayeomba kuba Kigonsera. Mwaka 1935 hadi 1937, wakati nchi hii ilikuwa na barabara za kubahatisha na umeme karibu hakuna, kulikuwa na mradi wa filamu ulioendeshwa kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara, kwa fedha za shirika la Carnegie. Walitengeneza filamu ndogondogo wakazizungusha kwa lori Afrika Mashariki na ya Kati. Ujumbe wao ulikuwa wa kikoloni hadi kwenye mifupa: lipa kodi, weka akiba posta, jikinge na safura, mtii mkubwa wako. Siutetei. Lakini maelezo ya filamu hizo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha za Kiafrika, ili mtazamaji aelewe anachotazama. Mkoloni aliyetaka kodi alijisumbua kutafuta lugha ya mlipaji. Sisi, tunaotaka wanasayansi, tunashindwa kurekodi masimulizi ya dakika arobaini kwa Kiswahili, katika zama ambazo kazi hiyo hufanyika kwa simu ya mkononi?

Mama yangu hukumbuka lori la sinema lililofika kijijini kwao alipokuwa msichana. Hakumbuki filamu ilihusu nini. Anakumbuka shuka jeupe lililotundikwa kati ya miembe miwili, na wazee waliokwenda nyuma ya shuka kuwatafuta watu waliokuwa ndani yake. Kila akisimulia husema wazee wale walikuwa na akili, walitaka kujua kitu kinafanyaje kazi.

Lakini hata filamu hizo zote zikiletwa kesho, bado nina neno. Kwa nini tungoje kamera za wengine zichague kipi katika nchi hii ni cha ajabu? Toka Kigonsera upande milima ya Umatengo, hadi Litembo, usimame ukingoni mwa barabara utazame miteremko. Utaona mlima mzima umetobolewa mashimo ya mraba, kama sega la nyuki lililobandikwa ukutani. Hiyo ni ngoro. Mwishoni mwa masika nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana hadi ifanye miraba. Kisha udongo wa katikati huchimbwa na kufunikia zile nyasi, zikawa matuta yanayooza na kurutubisha kutoka ndani. Kwa desturi mwanamume hufyeka na kulaza nyasi, mwanamke huchimba na kufukia. Juu ya matuta hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Mvua ikinyesha, maji hutua shimoni badala ya kukimbia na shamba, na udongo ulioteleza hunaswa humo humo. Wamatengo walibanwa kwenye miinuko hiyo na mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19, wakalima pale ambapo mtaalamu wa kilimo angesema hapalimiki. Wajapani walikuja kuichunguza ngoro pamoja na wenzetu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, na wametoa maandiko mengi.

Kama ipo mandhari iliyoumbwa kwa ajili ya skrini kubwa, ni hii. Na ukishuka upande wa pili hadi Mbamba Bay au Liuli, Ziwa Nyasa linakungoja na kina chake cha karibu mita 700, na mamia ya aina za samaki wasiopatikana penginepo duniani, wakiwemo wale wadogo wa rangi rangi wanaoishi miambani, ambao mama hulea mayai na vifaranga ndani ya kinywa chake. Wanajulikana sana kwenye matangi ya vioo ya Ulaya. Mvuvi wa Liuli anawajua kwa tabia na mahali. Mtoto wake, akifika kidato cha pili, hufundishwa uzazi wa samaki kwa mchoro wa samaki wa kizungu.

Na hapa nijishtaki na mimi, pamoja na wahadhiri wenzangu. Tumeandika juu ya ngoro kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mwanamke anayechimba hayo mashimo hatayaona kamwe, tukapandishwa vyeo. Mimi mwenyewe ninayo makala ya namna hiyo. Hakuna mtengeneza filamu wa kigeni aliyenizuia kuifanya kuwa masimulizi ya Kiswahili yenye picha. Nilijizuia mwenyewe, kwa kuwa Kiswahili hakikuhesabiwa kwenye fomu ya kupandishwa cheo.

Basi ninadai nini? Ninadai kwamba katika kila kibali cha kupiga filamu ya sayansi au maumbile nchini liandikwe sharti la masimulizi ya Kiswahili na ruhusa ya kuioneshea shuleni bila malipo, na lisimamiwe kama ada inavyosimamiwa. Zile tatu za zamani ziombwe kwa wenyewe kwa barua ya kistaarabu. Sijaona kwa nini makumbusho yanayojiita ya elimu yakatae. Makumbusho ya Maji Maji pale Songea, ambako kila Februari 27 tunawakumbuka mashujaa walionyongwa mwaka 1906, yapewe projekta, jenereta na gari, yawe mahali pa kuanzia kwa shule za Ruvuma. Kumbukumbu ya waliokufa haipungui heshima ikikaa nyumba moja na elimu ya walio hai. Na daftari la Gombe, hata ukurasa mmoja wa mwandiko wa Kiswahili, lioneshwe kwa kijana yule kabla hajaoneshwa sokwe.

Nitarudi Kigonsera muhula ujao. Projekta nimeazima kwa rafiki, shuka ninalo. Msimulizi nimempata: mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye hifadhi za magharibi, anayeiga mlio wa sokwe hadi mbwa wa jirani wanabweka. Kilichobaki ni picha, na ruhusa ya kuzitumia. Nimeandika barua mbili kwa ofisi husika, na ya tatu naipeleka kwa mkono Jumatatu.