Jicho Jeupe Sio Jicho Lililopona: Mastaa Waache Kupeana Dawa za Macho

Kuna MC mmoja wa kike hapa Dar, jina tuliweke kapuni, ambaye wiki kadhaa sasa anaonekana na miwani nyeusi mpaka ukumbini usiku. Watu wameshasema yote. Wengine wanadai ni maringo, wengine pombe, wengine wameenda mbali na kusema kapigwa na mwanaume. Lakini stori inayosimuliwa na watu wake wa karibu ni nyingine kabisa, na ndiyo yenye funzo.

Ijumaa moja bibie aliamka jicho la kushoto jekundu, linauma na kutoa machozi. Kesho yake ana harusi kubwa. Mpambaji wake akafungua pochi, akatoa kichupa cha dawa alichobakiza tangu mwaka jana: "Weka hii shosti, kesho jicho jeupe kama maziwa." Kweli, Jumamosi jicho likawa safi. Bibie akapiga selfi, akamshukuru mpambaji, mashabiki kibao wakaomba jina la dawa. Akawapa.

Baada ya hapo kila jicho likianza wekundu, anaweka. Karibu mwezi mzima. Alipoanza kuona ukungu ndo akakimbilia kwa daktari wa macho, akakutwa na kidonda kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho. Chanzo ni kirusi cha herpes, ndugu wa vile vilengelenge vya pembeni mwa mdomo. Kidonda cha aina hiyo kikipona kinaweza kuacha kovu, na kovu likikaa katikati, uwezo wa kuona unapungua.

Sasa mjini wote wanamlaumu mpambaji. Wengine wanasema dawa yenyewe ni sumu. Hapana, dawa sio sumu. Tatizo ni kwamba watu hawajui wanachoweka.

Kichupa kile kina dawa mbili ndani. Ya kwanza ni antibayotiki, kama neomycin au tobramycin, kazi yake kuua bakteria. Ya pili ni steroidi, mara nyingi dexamethasone, kazi yake kutuliza uvimbe na wekundu. Mtu akiona jicho limekuwa jeupe haraka anajua kapona, kumbe steroidi imezima wekundu tu. Na steroidi hiyo hiyo inapunguza nguvu ya jicho kujilinda. Kama tatizo ni kirusi cha herpes au fangasi, antibayotiki haisaidii kitu, adui anaachiwa mlango wazi, na kwenye kioo mtu anajiona yuko poa.

Kingine ni presha ya jicho. Steroidi ikitumika muda mrefu inaweza kuipandisha, tena kimyakimya, bila maumivu. Hiyo ndiyo njia ya kuelekea glakoma, na macho yaliyopotea kwa glakoma hayarudi. Inaweza kuleta na mtoto wa jicho pia. Ndiyo maana anayetumia dawa hizi siku 10 au zaidi anatakiwa kupimwa presha ya jicho.

Mapema 2024 macho mekundu yalipotikisa Dar es Salaam na mikoa mingine, chanzo kilikuwa kirusi. Somo lilikuwa pale pale: jicho jekundu la jirani na la kwako yanaweza kufanana, ugonjwa usifanane.

Aliyeandikiwa na daktari atumie bila woga, ila kwa utaratibu. Mikono inaoshwa kwanza. Chupa inatikiswa kama maelezo yanasema hivyo. Kope ya chini inavutwa, tone moja linaingia, na ncha ya chupa haigusi jicho wala kope. Jicho linafumbwa, kona ya karibu na pua inabonyezwa taratibu dakika moja au mbili. Kama kuna dawa nyingine ya matone, isubiri dakika 5. Lensi za rangi, wanja na kope za kubandika zipumzike mpaka jicho lipone. Siku alizosema daktari zisipunguzwe wala kuongezwa. Chupa nyingi zikishafunguliwa hutupwa baada ya wiki 4, hata kama dawa imebaki. Kwa hiyo kile kichupa cha mwaka jana kilitakiwa kiwe jalalani zamani, sio kwenye pochi.

Jicho likiuma sana, likiogopa mwanga, likiona ukungu au likiwa na doa jeupe, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Mtu atasema hospitali kuna foleni, daktari anataka hela, na MC akikosa Jumamosi kakosa kodi ya nyumba. Ni kweli, na hakuna wa kumcheka. Lakini Jumamosi ile angevaa miwani nyeusi akashika maiki, wiki iliyofuata akaenda kupimwa, hakuna mgeni angedai hela yake. Miwani aliyoiona aibu kuvaa siku moja, leo anaivaa kila siku.

Na staa mwenye wafuasi kibao akiulizwa jina la dawa, jibu liwe moja tu: nendeni mkapimwe.

Wadau mnasemaje, kosa ni la mpambaji, la bibie, au la mashabiki walioomba jina la dawa? Tiririka hapo chini.