Serikali ikishikwa na janga, hufungua droo

Leo naacha kidogo mambo ya seva na lugha za programu, nizungumzie siasa. Msinikimbie, kompyuta tutaikuta njiani.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 nilikuwa mwanagenzi katika kampuni moja hapa Nairobi. Kwenye orodha yetu ya kazi kulikuwa na ombi lililokaa karibu mwaka mzima: wafanyakazi waweze kuingia kwenye mfumo wa ofisi wakiwa nyumbani. Kila mkutano jibu lilikuwa lile lile, si la dharura. Mwenzetu mmoja alikuwa ameshaiandika programu yenyewe, akaijaribu, akaiweka kando. Ijumaa, Machi 13, serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa Corona nchini. Jumatatu programu ya yule jamaa ilikuwa inafanya kazi, na mkubwa aliyekuwa akiikataa ndiye aliyetuandikia barua pepe ya kuisifu.

Wikendi ile hakuna aliyepata akili mpya. Foleni tu ndiyo iliyopangwa upya, na kilichopita mbele ni kile kilichokuwa tayari.

Serikali nazo hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1984 msomi Mmarekani, John Kingdon, aliandika kwamba jambo huingia kwenye ajenda ya serikali pale mikondo mitatu inapokutana: tatizo lionekane, suluhisho liwepo, na siasa iruhusu. Hapo dirisha hufunguka, na halikai wazi siku nyingi. Janga la afya hufungua dirisha hilo kwa kishindo. Lakini janga halikuandikii suluhisho. Waziri mwenye saa 48 mkononi hufungua droo na kuchukua kilichomo.

Tazameni kilichotoka kwenye droo zetu.

Jumatatu hiyo hiyo, Machi 16, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kutuma hadi shilingi 1,000 kwa simu hakutatozwa ada. Kiwango cha juu cha kutuma kwa mara moja kikapanda hadi shilingi 150,000. Sababu iliyotolewa ni kupunguza kushikana noti. Lakini kilio cha ada za hela ndogo hakikuletwa na Corona, kilikuwepo miaka na miaka. Mitambo nayo ilikuwepo tangu M-Pesa ianze mwaka 2007. Kwa mtu wa programu, kufuta ada ni kubadilisha tarakimu kwenye jedwali. Ndiyo maana iliwezekana kwa siku chache.

Droo nyingine ilikuwa na kitu tofauti. Machi 27 kafyu ilianza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Ilitangazwa chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, iliyoanza kutumika mwaka 1950, enzi za mkoloni. Tuliyoyaona kwenye kivuko cha Likoni siku hiyo, watu wakipigwa virungu na kurushiwa mabomu ya machozi hata kabla ya saa moja, yanalingana na umri wa sheria hiyo. Aprili 16 Mahakama Kuu ilisema kafyu yenyewe ni halali, lakini nguvu waliyotumia polisi kuitekeleza inakiuka katiba.

Sasa linganisheni tarehe. Kutuma hadi shilingi 1,000 bila ada kulikoma Desemba 31, 2020, na kuanzia Januari waliobaki bila ada ni wa hadi shilingi 100. Hiyo ni miezi tisa na nusu. Kafyu iliongezwa, ikaongezwa tena, hadi Oktoba 20, 2021. Karibu miezi 19. Afueni ya mama mboga ilikuwa na tarehe ya kuisha. Amri ya kumfungisha genge mapema ikawa inasogezwa mbele tu.

Sisemi kafyu haikuzuia maambukizi hata kidogo, wala sisemi kampuni za simu zifanye kazi bure milele. Najua pia mtaniambia kwamba wakati wa dharura hakuna nafasi ya kuita wananchi kutoa maoni. Ni kweli, na hiyo ndiyo hoja yangu. Kwa kuwa siku ile hapatakuwa na nafasi, mjadala ni wa sasa, wakati hakuna anayekohoa.

Sisi tunaoandika programu tuna desturi nzuri hapa. Ukiweka kiraka cha dharura kwenye mfumo unaotumika, unaandika kando yake: kitaondolewa lini, na nani atakikagua. Usipoandika, miaka mitano baadaye kiraka kimekuwa ndiyo mfumo. Ningependa kila amri ya janga ije na mistari hiyo miwili. Ikifika tarehe, ife yenyewe, isipokuwa Bunge liifufue kwa kura mbele yetu sote.

La pili ni kazi yetu wenyewe. Tusingoje janga lijalo ndipo tuanze kulalamikia ada, data za wagonjwa au masomo ya watoto walio nyumbani. Andikeni mapendekezo yenu, yajaribuni, yawekeni mahali yanapoonekana. Siku ile ikifika, mkono utaingia kwenye droo ukipapasa gizani, na hautauliza kilichomo kiliandikwa na nani. Unaweza kuukuta mpango wako, au sheria ya mwaka 1950.

Wewe una nini kwenye droo? Niandikie hapo chini. Tuonane wiki ijayo, tutarudi kwenye seva.